Ulimi Mmoja wa Mama Nyangeta

Dada Rehema, shikamoo, na pole na vumbi la Dodoma.

Nipo Musoma, kwa Mama Nyangeta muuza chakula. Dada, samaki wake huyu, sato! Mchuzi wa nyanya na chumvi tu, ugali mweusi wa muhogo na mtama, nikafuta sahani kwa tonge la mwisho. Nikamwuliza mbona hafungui matawi. Akacheka. “Nilikuwaga na tawi Bunda, na lingine Kiabakari. Nikafunga. Ulimi ninao mmoja, nitaonjaje sufuria tatu?”

Nikaikumbuka ile hoteli ya kuku tuliyokuwa tukila, ilivyokuwa tamu kabla haijazaa matawi kila mtaa. Kumbe siku hizi hakuna anayeonja!

Nakuletea sato mkavu. Mpike wewe, uonje wewe. Ulimi wako naujua.

Mdogo wako,
Boke