Pumzi Niliyoizuia Penye Kuni

Ushirombo, Bukombe
17 Novemba, 1996

Mpendwa Shangazi Dorika,

Shikamoo. Habari za Tanga, na kifua chako kilichokuwa kinakubana usiku? Natumaini mwanao Tarsisi ameanza kuukanyaga mguu wake ulioumia. Mvua huku zimeanza vizuri na mahindi yamechipua.

Sote ni wazima, isipokuwa Bibi. Usishtuke, yu hai na anakula. Jumatano iliyopita aliumwa na nyigu usoni. Jicho la kulia, lile pekee lililokuwa linaona, limevimba likafumba. Hospitali walimpa dawa, wakasema tungoje uvimbe ushuke ndipo wajue kama litaona tena.

Unayakumbuka masharti yake juu ya nyigu. Ukiwaona, zuia pumzi, kunja kidole gumba ndani ya ngumi, wala usiwataje. Waite wageni, maana anayewataja amewaita. Mimi niliyacheka hayo tangu nikiwa sekondari, na mwaka huu nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba nyigu hajui jina lake.

Siku hiyo tulikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni. Niliwaona wakitambaa kwenye pindo la gunia la pamba tunalofunikia kuni. Bibi alikuwa mbele yangu, ameshanyoosha mkono. Neno moja lingetosha, Shangazi. Nilizuia pumzi, nikakunja kidole, nikasimama pale mpaka akaliinua gunia, wakamrukia usoni naye akapiga kelele. Mimi sikuumwa hata kidogo.

Nimejiuliza kwa nini. Si kwamba niliamini. Niliogopa, na woga ukashika kilichokuwa karibu. Nimesoma miaka yote hiyo, na kilichokuwa karibu ni kujiokoa mwenyewe.

Tangu hapo kila anayekuja kumjulia hali, Bibi anamwambia, "Huyu ndiye mjukuu aliyenisikia. Mimi nilipiga kelele, ona nilivyo." Jirani yetu Mama Nkwabi amewafundisha wanawe kukunja vidole kama mimi. Kaka Kalisti naye hanipi nafasi: "Mwalimu, Jumatatu utafundisha lipi, la kitabu au la Bibi?" Watu wanacheka, nami nacheka nao. Nikiingia chumbani nashindwa kujitazama kwenye kioo.

Jana nilipokuwa namkanda uso kwa maji ya chumvi, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Bibi, niliwaona kabla hujagusa gunia."

Hakugeuza uso. Alisema, "Nilikusikia ukivuta pumzi. Nikadhani unataka kuniambia kitu."

Kisha akanisihi nisimwambie Kalisti wala mtu yeyote hapa nyumbani, akaomba maji ya kunywa. Jioni Mama Nkwabi alipokuja, Bibi alianza tena kunisifu, mkono wake ukiwa juu ya goti langu.

Wewe hakukutaja katika hao niliokatazwa, ndiyo maana nakuandikia. Ukipata ruhusa kazini, njoo umwone. Anakutaja kila siku. Ukifika, nitazame tu ulivyokuwa ukinitazama zamani, au usinitazame kabisa, lakini tafadhali usinisifu.

Nisalimie Tarsisi, mdogo wake Epifania, na Mzee Januari wa jirani. Kalisti na mkewe wanakusalimu sana. Bibi anasema Mungu akulinde njiani na akufikishe salama.

Ni mimi, mwanao anayekupenda,
Benedikta