Sindano Uliyoikataa

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa zahanati, huku Biharamulo. Wagonjwa wa leo wamekwisha, nami nina jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka tulivyorudi nyumbani Murukulazo kutoka hospitali? Mikono yako ilikuwa imejaa madoa meusi. Wauguzi wenzangu walitafuta mshipa mpaka miguuni, wakakosa. Vidonge ulivitapika. Ukamwambia daktari, "Mwanangu, niruhusu nikaugulie kwangu." Akaniita pembeni, akanieleza kwamba antibayotiki ile ya maambukizi ya figo zako inaweza kupita chini ya ngozi ya paja, polepole, mara moja kwa siku. "Wewe ni muuguzi," akasema. "Utaweza."

Kaka Deo hakupenda. Siku ya kwanza aliponiona nimebana ngozi ya paja lako kwa vidole viwili, alisimama mlangoni akasema, "Hivyo ndivyo bwana mifugo anavyochoma ng'ombe." Wewe ukacheka, kwa mara ya kwanza tangu uugue: "Acha anichome, huenda nikatoa maziwa." Pakavimba kidogo, tukapaangalia wote watatu mpaka uvimbe ukanywea.

Siku ya tatu homa ilishuka. Ulikula ndizi na maharage, ukauliza nani amepalilia mibuni. Nilijivuna, mama. Nilimtazama Deo kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya sita homa ikarudi. Nilipokuja na bomba la sindano, ukaweka kiganja juu ya paja.

"Leo hapana, mwanangu. Nimechoka."

"Zimebaki siku mbili tu, mama."

"Nimesema nimechoka."

Nikasema sawa, nikakufunika.

Alasiri ukasinzia. Nikafunua kanga, nikakuchoma.

Dawa ilikuwa imeingia nusu ulipofumbua macho. Ulinitazama. Hukuuvuta mguu. Nami sikuacha, nilisukuma taratibu mpaka ikaisha. Ukageuza uso ukutani. Siku mbili zilizofuata ulizungumza na Deo, ukazungumza na padre. Mimi uliniomba maji tu. Ya tatu hukuiona.

Msibani walinisifu kwamba nimekuuguza kwa mikono yangu. Niliinamisha kichwa, wakadhani nalia. Deo akaniomba radhi mbele ya wajomba kwa yale maneno ya ng'ombe. Nikaipokea radhi yake, nisimwambie nilichokufanyia.

Wiki iliyopita mzee mmoja alikataa sindano yangu. Binti yake akaninong'oneza, "Dada, msubiri alale." Niliweka bomba mezani, nikavuta kiti, nikamuuliza mzee anaogopa nini. Tulizungumza mpaka foleni nje ikaanza kulalamika. Bado akakataa. Nikaandika kwenye kadi yake kwamba amekataa, na binti akaondoka naye bila kuniaga. Sijui hali yake. Kila pikipiki ikisimama hapa nje nachungulia kama ni wao.

Labda yule nimemkosea. Wewe nilikukosea, hilo halina labda. Sikukuchoma kwa sababu dawa ingekuponya. Homa ilikuwa imesharudi, na mimi ni muuguzi, niliona. Nilikuchoma kwa sababu sikuwa tayari kubaki bila mama.

Jumapili nakwenda kumwambia Deo. Nimetaka wewe usikie kwanza.

Niwie radhi, mama, na upumzike.

Mimi bintiyo