Ua Lako Si Jekundu, Wifi

Wifi yangu Martina,

Limechanua! Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji, maana nikiingia ndani silioni. Limechanua leo asubuhi, wifi, lile ua lako uliloniletea kutoka Oldeani likiwa limeviringishwa kwenye gunia lililoloweshwa, kama mtoto wa kufichwa.

Usishangae mwandiko. Uliniacha sijui kushika kalamu, na shule sijaikanyaga mpaka leo. Ila kijiji kimeanzisha kisomo cha watu wazima, mara mbili kwa wiki, kwenye banda la kanisa. Mwalimu ni kibinti ambaye ningeweza kumzaa mama yake. Alituambia kila mtu amwandikie barua anayempenda. Wenzangu wakaandikia watoto wao walioko Arusha. Mimi nikasema wangu yuko kaburini Endabash. Akasema, "Bibi, hiyo haitafika." Nikamwambia, "Wewe fundisha herufi, mambo ya posta niachie mimi."

Sasa nisikilize.

Unakumbuka siku ulipolileta. Yule mzungu wa shamba la kahawa uliyekuwa ukimtunzia bustani alikuwa amefunga virago, na pale penye maua yako pamegeuzwa pa kuegesha matrekta. Uliwahi kung'oa kipande kimoja tu cha mzizi, kinene, chenye vinundu kama tangawizi. Ukanipa mbele ya kaka yako. "Hili halifi," ukasema. "Majani yakikauka usilie, liko chini linapumzika. Na mgongo wake usiufukie, uache uote jua." Nikakuuliza linatoa ua la rangi gani. Ukacheka. "Utaliona mwenyewe ukiwa na subira. Lakini wewe, Mama Safari, subira utaitoa wapi?"

Mimi ndiye wa kuambiwa? Nimelima viazi tangu sijaota meno ya pili! Kitu chenye mzizi nakijua: kifukie, kiinulie tuta, kipe samadi. Nikalifukia hilo lako mpaka kiwiko, nikalimwagia samadi ya ng'ombe, na kila palizi nikalipandishia udongo. Majani yakatoka, wifi, marefu kama sime za Wamaasai. Ua? Hakuna. Mwaka wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Kaka yako akaanza. "Mama Safari, unafuga majani. Ng'oa tupande kabichi." Nikamjibu hilo likitoka hapo, na mimi natoka. Kabichi akaipanda kwingine. Ananijua.

Halafu ukaugua. Nikaja Endabash kwa binti yako, nikakukuta umebaki macho tu. Hukuuliza watoto, hukumuuliza kaka yako. Ulisema, "Limechanua?"

Wifi, nilikudanganya. Sijamwambia mtu, hata padri. Ningekuambiaje kwamba matrekta yamekanyaga mengine yote, limebaki hilo moja, na mimi limenishinda? Nikasema limechanua. Ukauliza, "Rangi gani?" Nikaitazama kanga niliyojifunga, nikasema, "Jekundu. Jekundu kabisa, linawaka." Ukafumba macho, ukatabasamu, ukanibana kidole. "Basi lisalimie," ukasema. Siku ya tatu ukaenda zako.

Nimetembea na uongo huo masika mawili. Kwa aibu nikalizidishia samadi. Likazidisha majani.

Aliyeliokoa ni kuku. Naam, kuku! Mtetea wangu yule asiye na adabu. Kiangazi kilichopita goti liliniangusha, nikawa wa kuchungulia nje tu. Yeye akaona tuta lako ndilo pa kuogea vumbi. Akachakura, akachakura, hadi siku nilipotoka na fimbo yangu nikakuta mizizi iko nje, migongo mitupu juani kama mifupa. Nilimtukana matusi ambayo sitaandika, mwalimu atasoma. Nikachukua jembe nirudishe udongo. Nimeshaliinua ndipo nikakusikia. *Mgongo wake usiufukie.* Nikasimama na jembe hewani. Miaka yote hiyo, wifi! Kuku kanizidi akili!

Nikaliweka jembe chini, na samadi nikaikata. Mkono uliniwasha. Kila nikipita natamani kulifunika, kama mtoto aliyeisukuma shuka kwa teke.

Mvua zikapita, baridi ya Julai na ukungu wake ikapita. Wiki jana katikati ya majani kikachomoza kitu kimejikunja, kimechongoka kama mshumaa. Sikumwambia mtu. Niliogopa kukitazama sana.

Na leo. Wifi, leo!

Si jekundu. Ni la zambarau, zambarau ya tunda lililoiva. Vipande vitatu vimesimama, vitatu vimelala, na vile vilivyolala vina ndevu. Ndevu za njano! Ua lina ndevu kama mzee wa kanisa! Kaka yako alitoka na kikombe chake cha chai, haina sukari maana dukani hakuna, akaliona, akavua kofia. Kofia, wifi! Ile ambayo kanisani lazima nimkanyage mguu ndipo aivue. Akasema, "Kumbe Martina alikuwa na akili zake." Nikamwambia, "Wewe ndiwe usiye nazo."

Alipoondoka nikakaa juu ya ndoo, ndipo likanijia. Uliijua rangi yake. Ulilipalilia huko Oldeani miaka na miaka, ungeikosaje? Mimi nataja jekundu, macho makavu, na wewe unajua palepale kwamba wifi yako anaongopa. Ukanibana kidole. Mgonjwa ni wewe, halafu ukaniachia nirudi nyumbani nikidhani nimekufariji.

Nimelia. Halafu nimecheka mpaka goti limeuma. Cheka na wewe, haki yako.

Binti yako amejifungua salama, mtoto wa kike, kachukua jina lako na mdomo wako pia, analia kijiji kizima kinasikia. Nitamwona nikija. Maana nakuja. Ua likinyauka nitakata bua, nitagawa mzizi kwa kisu, nitapunguza majani nusu, niuviringishe kwenye gunia la maji kama ulivyofanya wewe, nije Endabash kwa miguu, goti lipende lisipende. Nitakupandia kichwani pako. Wewe tulikufukia kwa kina, ndivyo watu wanavyofanyiwa. Lenyewe sitalifukia. Nakuahidi, udongo kidogo tu, mgongo nje.

Nimelisalimia, kama ulivyoniagiza. Nimelitajia jina lako, majirani wamenisikia na waseme watakavyo.

Pumzika, wifi. Kuku simchinji.

Ni mimi,
Mama Safari