Pikapu ya Mzee Bundi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Meru, tarehe 15 Oktoba 2025
Kuhusu: kuharibiwa kwa mali (kioo cha gari), Makutano

Jina: Regina Igoki Kithaka
Umri: miaka 57
Kazi: fundi wa kushona nguo
Makazi: Makutano, Meru, ploti iliyo nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa. Afisa ameniambia niseme niliyoyaona kwa macho yangu na niache ya kuambiwa. Nitajaribu, ingawa kwenye ploti yetu maneno hupita ukutani bila kubisha hodi.

Cherehani yangu iko barazani, inatazama barabara. Barabara yenyewe ni nyembamba na kando yake kuna mtaro, kwa hivyo magari yanayoweza kupaki bila kufunga njia ni manne tu. Nafasi ya kwanza, iliyo mbele ya mlango wa Mzee Bundi, ina pikapu yake ya samawati. Pikapu hiyo haitembei. Injini ilikufa zamani. Watu huiita mkweche, lakini mimi siiiti hivyo kwa sababu naijua kazi yake.

Kazi yake ni hii. Mke wa Mzee Bundi anaitwa Virginia, mzaliwa wa Mitunguu. Mzee alikuwa akibeba ndizi huko na kuzileta soko la hapa, na ndivyo walivyopatana. Siku hizi Virginia amepotewa na kumbukumbu. Mwanawe akipiga simu, anauliza huyo ni nani. Lakini kila alasiri hukumbuka kwamba anapaswa kwenda kwao kumwona mama yake, ambaye alizikwa miaka mingi iliyopita. Hutia ndizi kwenye kiondo, maana mtu haendi kwao mikono mitupu, akatoka. Sisi humtania: nani hupeleka ndizi Mitunguu? Yeye pia hucheka.

Mara ya kwanza alitoka peke yake, akapatikana mbali, katikati ya malori. Tangu hapo Mzee humpandisha kwenye pikapu, humfunga mkanda, huketi kwenye usukani na kumtajia njia. Hapa ni Nkubu. Sasa tunateremka. Huo ni mto Thingithu, umejaa. Pandisha dirisha, kuna vumbi. Akimaliza husema, "Tumefika." Virginia hushuka ametulia, huingia nyumbani kwake akidhani ni kwao, na usiku hulala vizuri. Mimi hushona huku nikisikiliza, na safari hiyo sijawahi kuichoka. Siku nyingine Mzee huniita niwaombee kabla hawajaondoka, nami huwaombea. Kama kuna dhambi katika kuombea gari lisilotembea, nitaijibu mbele ya Mungu, si hapa.

Mlalamishi, Maxine, alihamia ploti yetu mwezi wa Agosti. Anafanya kazi kwenye duka la dawa. Nataka iandikwe kwamba si mtu mbaya. Hutoka kazini giza limeingia, na kwa kukosa nafasi alikuwa akipaki karibu na steji ya matatu, ambako wezi walimng'olea vioo vya pembeni mara mbili. Aliuliza kuhusu pikapu. Kuuliza si ujinga. Shida ni yule aliyemuuliza. Njagi, msimamizi wa ploti, alimwambia hicho ni chuma tu, kisukumwe.

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, siku ya Jumanne, asubuhi, nilienda sokoni kununua zipu. Mzee Bundi alikuwa amekwenda kumchukulia mkewe dawa hospitalini. Niliporudi mwendo wa saa saba mchana, nilikuta pikapu imesukumwa hadi mwisho wa barabara, pua yake ndani ya mtaro. Mahali pake palikuwa na gari dogo jeupe la Maxine. Wakati wa kusukuma sikuwepo. Ningekuwepo ningelala mbele ya magurudumu, na kwa uzito wangu huu hao vijana walioisukuma wangejuta.

Mzee alirudi kama saa nane. Alisimama akapatazama pale mahali. Kisha alisema kwa sauti, na watu wakasikia, "Hii gari leo itaondoka hapa, itake isitake." Nalisema hili hata kama halimsaidii, kwa sababu nimeahidi kusema kweli. Akaenda kumtafuta Njagi.

Wakati huo Maxine, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alikuwa akishusha vitu kutoka kwenye gari lake. Funguo alikuwa ameziacha pale pa kuwashia. Alipoingia ndani na mtungi wa gesi, Virginia akatoka na kiondo chake. Aliona gari mahali pa gari. Akafungua mlango wa abiria, akaketi, akajifunga mkanda. Akabonyeza kitufe, milango yote ikajifunga.

Maxine aliporudi alibisha dirishani. "Shosho, fungua tafadhali. Hii ni gari yangu."

Virginia akamjibu, "Nangoja dereva."

Maxine akakimbia ndani kutafuta ufunguo wa pili. Mimi nilibaki pale nikimsihi mama afungue. Jua lilikuwa kali na vioo vyote vilikuwa juu. Niliona jasho likimtiririka, halafu kichwa kikaanza kulala upande. Nilimwita Mzee Bundi kwa sauti ambayo sikuwa nimeitoa tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho.

Alikuja mbio, mbio za mtu wa miaka sabini na nne. Alimwita mkewe kwa jina, naye hakuinua kichwa. Mzee akaokota jiwe kando ya mtaro. Hapa naomba afisa aandike polepole. Hakuvunja dirisha lililokuwa karibu. Alizunguka hadi dirisha la nyuma la upande wa pili, mbali na mkewe, akavua koti, akalitandaza juu ya kioo ili vipande visimrukie, ndipo akapiga. Mtu mwenye hasira na gari havui koti. Alipitisha mkono afungue mlango, na kiganja kikakatwa na kioo.

Maxine alitokea saa hiyo, ufunguo mkononi. Alichokiona yeye ni jiwe, vipande vya kioo chini, na mzee ambaye alikuwa ametoka kulitisha gari lake. Alipiga simu polisi. Simlaumu, hata mimi ningepiga.

Hewa ilipoingia na nikampa maji, Virginia alifungua macho akauliza, "Tuko wapi?" Mzee aliketi kwenye usukani. Gari hakuliwasha. Damu ilikuwa ikidondokea suruali yake. Akamwambia, "Ndio tumetoka tu Makutano. Tulia." Akaanza kutaja njia kama siku zote. Watu walikuwa wamezingira gari, wengine wakipiga picha, lakini hakuruka hata kona moja. Polisi walifika akiwa bado Nkubu.

Alimwambia afisa mmoja, "Kijana wangu, nipe dakika kidogo nimfikishe." Afisa hakuelewa, na angeelewaje? Walimshusha, na tangu hapo yuko humu ndani.

Nilijaribu kuimaliza safari mimi. Virginia aliniambia hiyo si njia, nimepita kona. Maxine alikuwa amesimama hapo, nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa. Alilia sana. Kisha aliketi mahali pa dereva, akauliza kwa upole, "Shosho, sasa tufanye nini?" Virginia akafikiri, akasema kama dereva amepotea, basi tulale njiani. Hivyo ndivyo tulivyomwingiza nyumbani kwake, kama msafiri anayeomba malazi. Alikataa kuvua viatu. Asubuhi ya leo nilimkuta ameketi kitandani, kiondo mapajani, akiuliza dereva amekwenda wapi. Nilienda jikoni kulia.

Afisa ameniuliza kama kulikuwa na ugomvi wa pakingi kati ya mshukiwa na mlalamishi. Ugomvi wa pakingi tunao wote. Nyumba ni kumi na mbili na nafasi ni nne; hata mimi nisiye na gari nimegombana. Ndiyo, Mzee Bundi alivunja kioo. Nilimwona. Lakini hakukivunja kwa ajili ya nafasi ya gari. Alikivunja kwa ajili ya mke wake.

Maxine yuko nje ya kituo pamoja na Virginia. Ndiye aliyetuleta kwa gari lake. Anataka kuondoa malalamiko, na ameambiwa asubiri nimalize. Habari ya kioo watapatana wenyewe, sisi ni majirani. Ninalojua ni kwamba mama huyu ninampenda, na ameachwa Nkubu tangu jana. Mwacheni mzee akamfikishe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa yote, nikarekebisha mahali pawili, na hakuna aliyenitisha wala kunipa kitu ili niyaseme.

Sahihi: R. I. Kithaka

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Mbaka, kwa Kiswahili, na kumsomea shahidi, ambaye ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu.

Nyongeza: Mlalamishi ameondoa malalamiko kwa maandishi. Mshukiwa ameachiliwa saa tano asubuhi kwa idhini ya afisa wa zamu. Alienda moja kwa moja hadi kwenye gari la mlalamishi, ambamo mkewe alikuwa ameketi, akaingia upande wa dereva. Gari hilo lilikuwa limepakiwa katika nafasi ya mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo alirejea kutoka mkutanoni wakati huo huo akapiga honi, nami nikatoka kwenda kuliondoa. Nilimweleza mkuu habari ya safari hiyo kwa ufupi. Ameniagiza niliache, na amepaki lake nje ya lango hadi watakapofika Mitunguu.