Risiti Zilizoliwa na Mchwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku Tingi hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza ufanyeje, maana risiti za vitambaa vya kazi yako zimepotea na watu wa kodi wanataka hesabu. Hata mimi yalinikuta. Nilipokuwa fundi cherehani, mchwa walikula risiti zangu zote. Shoga yangu akaniletea kitabu cha risiti tupu. "Jaza mwenyewe, nani atajua?" Nikashika kalamu, nikashindwa.

Kesho yake nilimwendea muuza vitambaa wangu Kilwa Masoko, huku naona haya. Akafungua daftari lake, akaninakilia yote niliyonunua kwake, akagonga muhuri. Wewe nawe anza kwa waliokuuzia.

Nyuzi na vifungo vya mnadani ndivyo vilivyokosa ushahidi. Nilipopeleka hesabu, afisa wa kodi akauliza, "Na hivi?"

"Nilinunua, baba, ila sina cha kukuonyesha."

Akakataa kuvihesabu kwenye gharama zangu. Kodi ikaongezeka, nikauza mbuzi wangu wawili. Iliniuma, sikufichi. Lakini mwaka ule wote, mtu akibisha hodi, nilikuwa naitikia "karibu" bila moyo kushtuka.

Nakuombea kheri,
Bibi yako Mwanahawa