Sindano Niliyoikataa kwa Niaba Yako

Mwari wangu Zuhura,

Tangu urudi kwa mama yako Tanga hujaniletea hata salamu, nami sikulaumu. Ila Jumatatu iko karibu, na kosa ni langu.

Unakumbuka siku saba nilizokaa nawe ndani, pale Mchafukoge, kabla ya ndoa yako? Nilikufunda kujifukiza udi, kupokea mume, kunyamaza. Ukaniuliza, "Somo, na damu ikiuma mpaka nizimie?" Nikacheka! Nikasema ni chango tu, maumivu ya kila mwanamke, nikakununulia mizizi Kariakoo. Na ulivyo msikivu, miaka minne ulijifunga kanga tumboni ukanyamaza, majirani wakikuita mvivu.

Kisha serikali ikatoa ruksa, zikafunguliwa kliniki za watu binafsi. Yule mama daktari wa Kihindi, Upanga, akakupitishia kamera nyembamba kitovuni. Akatueleza kuwa nyama kama za ndani ya mji wa mimba zimeota nje yake. Akauita ugonjwa huo endometriosisi. Akataka kukuagizia sindano mpya za kupumzisha hedhi kwa miezi sita. "Siahidi kwamba ugonjwa hautarudi," alisema, "ila maumivu yatapungua."

Mumeo, kama ilivyo desturi, hakukuuliza wewe. Alikuja kwangu. "Somo, hizo sindano vipi?" Sikujua lolote, Zuhura. Lakini somo akisema hajui, nani atamkabidhi mwari tena? Nikamjibu, "Zinafunga kizazi." Akakukataza, mkagombana, ukaondoka.

Jana nilimwita mumeo nikamwambia nilisema nisichokijua. "Umenivunjia nyumba, Somo," akasema.

Leo asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa daktari, nikauliza mpaka akachoka nami. Sindano zikikoma, hedhi hurudi. Dawa yako, aliyokuwa ameiagiza kabla hujakatazwa, imefika. Anakushikia mpaka Jumatatu; baada ya hapo atampa mgonjwa mwingine, wanaoingoja ni wengi. Naogopa barua hii itakukuta umechelewa.

Njoo, mwanangu. Usije kwa ajili ya mumeo, wala usipite kwangu kutaka radhi yangu. Mwenye kuomba radhi ni mimi. Ukishuka kwenye basi, nenda moja kwa moja Upanga. Mlangoni wakikuuliza nani amekuruhusu, taja jina lako.

Ni mimi somo wako, kama bado unanihesabu.