Kamba ya Kifua

Nyakato, Musoma
9 Februari 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shangazi Benedikta anakusalimu, na kuku wake wangekusalimu pia kama wangejua kuandika. Kikohozi changu kimekwisha. Je, mguu wako uliochomwa na mwiba wa samaki gogogo umepona? Na Machage bado anaimba vibaya mkivuta nyavu?

Hapa mjini vitu vinaanza kurudi. Siku hizi mtu anaingia dukani, anakuta sabuni, anainunua na kutoka. Hakuna foleni. Shangazi bado anaificha ya kwetu chini ya kitanda kwa mazoea, na anaihesabia mapovu.

Ninaandika kwa sababu ya jambo la kule mwaloni, mnapopakulia samaki. Ulipoleta samaki juzi nilifanya ulivyoniagiza. Polisi walipomaliza kuukagua mtumbwi wetu, ulinipa majaketi mawili ya kuokolea, nikayafunga ndani ya kanga, nikapita nyuma ya vichanja vya dagaa na kumpelekea Bernado, ambaye mtumbwi wake ulikuwa unafuata kukaguliwa. Akasema, "Haraka, binti, koti la afande halingoji!" Wavuvi wakacheka. Nilidhani majaketi ni ya Bernado. Shangazi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ni ya mwalo mzima, yalibaki chama cha ushirika kilipokufa, na kila mtumbwi huyavaa mbele ya polisi tu, kisha yanarudi kwenye kibanda cha chai.

Nikiwa njiani yule koplo mrefu, Mwikwabe, mtu wa Butiama, aliniuliza, "Binti, kanga hiyo imebeba mtoto?" Niliinama, nikaongeza mwendo. Wewe unanijua. Hata darasani jibu ninalo, lakini mkono hauinuki.

Kwenye karatasi naweza kusema. Baba, mlipoondoka kurudi kisiwani Rukuba nilisimama kuwatazama. Mlikuwa na kopo la kukumbia maji, kamba na taa. Majaketi yalikuwa kibandani, yamening'inia juu ya birika. Tangu mama alipotutoka, mzazi niliyebaki naye ni wewe.

Madukani hayapo, nimeuliza. Lakini mwalimu wa fizikia ametufundisha kwa nini kitu huelea, na mashine ya shangazi inashona hata turubai. Nakuomba chukua kamba, izungushe kifuani, funga fundo pale inapokutana, unitumie. Kazi inayobaki ni yangu.

Mwanao anayekuombea,
Dafroza

*

Rukuba
20 Februari 1986

Mama yangu Dafroza,

Salamu zako zimefika zikiwa zimelowa kidogo, lakini zinasomeka. Mguu umepona. Machage anaimba vibaya zaidi, maana sasa ameoa. Unisamehe mwandiko wangu, shule yangu ni ile ya kisomo cha jioni, na mwalimu wetu alikuwa anasinzia kuliko sisi.

Samaki wapo, ila furu uliokuwa unawapenda siku hizi hatuwaoni. Sangara amewala wote. Nimempa Selestina mchuuzi kipande cha sangara akuletee. Mle, msiwape kuku.

Sasa hilo la kamba. Mama, hapana.

Huku kwetu mtu hupimwa kwa kamba siku moja tu, na anayempima ni fundi wa mbao. Mtu mzima anayetembea hapimwi. Mara ya mwisho niliposhika ncha ya kamba ya namna hiyo, ncha ya pili aliishika fundi, na katikati alikuwa mama yako. Mkono wangu hautafunga fundo lile tena.

Na hayo makoti ya afande usiyaogope wala usiyapende. Yamewekwa kwa ajili ya afande na yanamtosha. Nilikuwaga mdogo kuliko wewe nilipoanza kuvua ziwa hili, na baba yangu kabla yangu. Ziwa linanijua.

Soma. Ukisoma sana utakuja kuwa wewe afande, utukague vizuri.

Baba yako,
Wambura

*

Nyakato, Musoma
2 Machi 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sangara tulimla kwa siku kadhaa, akawa kila siku mtamu kuliko jana yake. Shangazi ana maumivu ya mgongo lakini anasema yeye haumwi, mgongo ndio unaoumwa.

Nimesoma maneno yako kuhusu kamba na sitakuomba tena kwa barua hii. Sikujua kwamba uliishika wewe.

Lakini jaketi nimelishona. Nilimwuliza shangazi upana wako, akasema, "Ndugu yangu? Ni kama mlango wa banda la mbuzi." Nikaenda kuupima mlango wa banda la mbuzi la jirani, mbuzi wakinishangaa. Turubai ni la gari bovu la zamani, na ndani nimejaza pamba. Baba mdogo Felisian alituletea kutoka shambani kwake Bunda, gunia zima lililokataliwa mnadani kwa sababu ya uchafu. Kwa kuelea nadhani uchafu hauna neno.

Selestina atakufikishia. Livae hata mara moja, mahali ambapo hakuna mtu wa kukucheka.

Mwanao,
Dafroza

*

Rukuba
9 Machi 1986

Mama,

Wazima? Sisi tu wazima, na mbavu zinauma kwa kucheka.

Mahali pasipo na mtu wa kukucheka hapapo Rukuba. Nililitupa koti lako majini pale kina kinapofika magotini. Kwanza likaelea vizuri, nikasema kumbe shule si mchezo. Tukavuta sigara. Tulipogeuka lilikuwa linakunywa ziwa kama jirani yetu Stanislausi anavyokunywa pombe ya harusi, polepole, hana haraka, mpaka likalala chini kabisa. Tulilivuta mimi na Machage, zito kama ndama. Machage akasema, "Mzee, hili ni nanga, mwanao ametushonea nanga!" Sasa tunalitumia kweli kama nanga, linafanya kazi nzuri.

Usihuzunike. Wewe ni mtoto wa nchi ya pamba, na mtu hushonea alichonacho. Lakini pamba ina kiu.

Zamani, kabla ya maboya ya plastiki, wazee walikuwaga wanakata vipande vya ule mti mwepesi unaoota matopeni, wanafunga kwenye nyavu. Kipande kikubwa kama paja langu unakiinua kwa vidole viwili. Jana nilikuwa sina kazi, nikaukata. Nimejaza gunia. Selestina atakuletea. Sisemi nitalivaa. Nasema gunia lipo.

Kamba sijatuma, na unajua.

Baba yako,
Wambura

*

Nyakato, Musoma
16 Machi 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa malaria. Machage ametuambia ndiyo iliyokubakiza kisiwani. Shangazi anakutumia limau na maneno makali, mimi nakutumia limau tu.

Mti wako nilikuwa nimeshauchonga na kuushona ndani ya turubai, nusu kifuani, nusu mgongoni, na kitanzi cha kamba nyuma ya shingo cha kumshikia mtu. Safari hii nililijaribu kabla. Niliingia nalo ziwani na nguo zangu za kufulia, likanibeba. Jana Machage alipoleta mtumbwi peke yake nikaenda nalo mwaloni. Yaliyotokea ulipaswa kuyaona, kwa hiyo nakueleza yote.

Koplo Mwikwabe alikuwa anakagua. Machage akavaa lile la kwangu, na Bernado, aliyekuwa anafuata, akavaa la kibandani. Koplo akaliangalia la Bernado, akaligeuza, akaonyesha alama ya moto begani. "Alama hii," akasema, "nimeiona leo asubuhi kwa mwenye chombo cha kwanza. Na mwezi uliopita niliiona kwa Wambura. Jaketi moja linavua samaki wengi hivyo?"

Bernado akasema, "Afande, yote yametoka kiwanda kimoja."

"Na yote yaliunguzwa na birika moja?"

Watu wakacheka, lakini Bernado hakucheka. Kisha koplo akamgeukia Machage. "Na hili gunia?"

Machage akaniangalia. Baba, nilikuwa nimesimama nyuma ya mama wa chai. Nilisikia sauti inasema, "Nimelishona mimi, afande," nikagundua ni ya kwangu.

Akauliza linaelea? Nikasema ndiyo. Akasema kila mtu husema ndiyo. Basi akavua viatu, akampa Bernado amshikie, akalivaa juu ya sare, akaingia majini! Mtu wa Butiama, Baba, wa milimani, aliyekuzwa na ng'ombe. Maji yalipofika kiunoni akafumba macho. Wavuvi wakapiga kelele, "Afande, utusalimie sangara!" na "Usimkamate mamba, hana leseni!" Akainua miguu. Akabaki pale pale, kichwa juu, kama kizibo. Alipotoka aliniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Sijui kuogelea, binti. Kila siku nakagua kitu ambacho sikijui."

Akaagiza rangi. Ameandika jina la mtumbwi wetu, TULIA, juu ya jaketi langu. Yale ya kibandani ameyaandika pia majina ya mitumbwi iliyoyavaa kwanza siku hiyo, kwa hiyo hayazunguki tena. Kuanzia sasa kila mtu chomboni awe na la kwake. Sisi tunalo moja na nyinyi ni wawili. Amenipa mpaka Pasaka nilete la pili.

Bernado hakupata lolote. Alipopita aliniambia, "Umetufungia mlango, mtoto wa Wambura." Nililia kidogo nyumbani.

Jambo la mwisho. Lile nililoshona limemkaa Machage kama limekatwa kwake, na Machage ni mwembamba. Koplo mwenyewe amesema, "Mwenye chombo ni mdogo kiasi hiki?" Mlango wa banda la mbuzi ulinidanganya. La pili linapaswa kuwa la kwako hasa. Nilisema sitaomba tena kwa barua ile. Hii ni barua nyingine.

Mwanao,
Dafroza

*

Rukuba
23 Machi 1986

Mama yangu,

Limau zimefanya kazi, maneno ya shangazi pia. Niko kwa miguu yangu.

Machage amenisimulia hadithi ya koplo mpaka naiota. Kumbe sauti unayo. Ilikuwa imefichwa chini ya kitanda pamoja na sabuni.

Bernado niachie mimi. Hasira yake ni ya siku za upepo, inatulia.

Kuhusu kamba usinisukume. Sisi tutakuja Jumamosi Kuu na samaki wa Pasaka. Utaniangalia kwa macho yako, utanikadiria bila kunigusa, ushone. Macho hayana fundo.

Baba yako,
Wambura

*

Nyakato, Musoma
31 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Sijui barua hii nitampa nani. Mitumbwi haitoki, Selestina naye haendi popote.

Jumamosi upepo uliinuka mapema na mabati ya jirani yakapeperuka. Nilikwenda mwaloni nikakaa mpaka mama wa chai akafunga. Jana baada ya misa nilirudi, na leo pia. Shangazi amepika wali wa Pasaka, umekaa. Anasema hamkutoka Rukuba, kwamba wewe si mjinga. Anasema hivyo kila anapopita mlangoni.

Koplo Mwikwabe alikuja akasimama karibu nami. Hakuuliza jaketi la pili. Aliuliza, "Lile la kwanza wanalivaa?" Nikasema sijui. Nilikuwa namkumbuka akiinua miguu majini amefumba macho.

Baba, kama mko huko na mmekaa tu mnakula samaki wetu wa Pasaka, sitakasirika. Kuleni wote.

Dafroza wako

*

Rukuba
3 Aprili 1986

Mama yangu,

Niko hai. Nimeanza na hilo ili usisome ukikimbia. Machage pia yuko hai, yuko hapa, anaimba.

Tulitoka Jumamosi asubuhi, ziwa limetulia kama jina la mtumbwi wetu. Upepo ukatukuta katikati. Tulikumba maji mpaka kopo likaponyoka, tukatupa samaki, halafu wimbi likaingia ubavuni na mtumbwi ukalala kifudifudi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelichukua koti lako. Nakuambia ukweli, nililijaribu kwanza mimi. Hofu ilinivalisha. Kamba za mbele zilikataa kukutana, zilibaki mbali kama watu waliogombana. Nikalivua, nikamfunga Machage. Yeye ni mtu wa Bunda, akiona maji ya kuoga anashika ukuta. Tulipokuwa majini alikaa kama kizibo, sawasawa na ulivyoandika kuhusu koplo, na mimi nikashika kile kitanzi cha nyuma ya shingo. Alikuwa analia, mimi namwambia imba, bwana, leo imba, sisemi kitu. Akaimba. Bernado anasema alituona kwa sababu alisikia sauti mbaya kuliko zote za ziwa hili.

Ndiyo, ni Bernado, na mtumbwi wake. Alitutupia kamba akatuvuta, akaturudisha Rukuba maana ndiko kulikokuwa karibu. Hajataja mlango. Mke wake amemshonea koti la gunia, na ndani amejaza pamba. Nimemwambia alijaribu kwanza penye maji ya magotini.

Mtumbwi umeokotwa, ubavu umepasuka, tunaziba. Mikono yangu ilichunwa na kitanzi, ndiyo maana sikuandika mapema.

Lile koti lisingekuwepo tungezama wote wawili. Na lingenitosha mimi, sijui ningefanya nini, namshukuru Mungu sikuulizwa.

Jana nilichukua uzi wa nyavu nikamwambia Machage anipime. Akakataa, akasema, "Mzee, mimi si fundi." Nikamwambia Stanislausi, akaondoka kabisa. Basi nilikaa nyuma ya nyumba, nikajizungushia mwenyewe. Nilidhani nitamwona mama yako, na kweli nilimwona, lakini hakuwa amelala. Alikuwa ananicheka kwa jinsi nilivyoshindwa kuushika uzi mgongoni.

Uzi umo humu ndani ya bahasha. Fundo nimefunga mimi, kwa meno, kwa sababu ya mikono.

Ukishona ongeza kidogo kupita fundo. Usinibane, mama. Acha nafasi ya kuvuta pumzi.

Baba yako,
Wambura